Khali Si Hali

Jumamosi, 10 Januari

Nimekuna nazi mbili. Nasra, mjukuu wangu, kakaa sebuleni tangu asubuhi anapiga tabla yake ya kujifunzia, zile ngoma mbili za Kihindi. Dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha. Nami juu ya mbuzi, mkono ukawa unakwenda naye bila kuniuliza, mpaka nimekuna na kifuu. Tui limetoka na vumbi jeusi. Wali una madoa. Watakula hivyo hivyo.

Goti linauma. Ukungu nje, jengo la mbele silioni.

Mwalimu kaja saa kumi. Akija mlango nauacha wazi, majirani wapite waone. Mzee wa Kihindi na ajuza wa Kiunguja, hatuna la kuficha. Anamsomesha Nasra hapa kwetu, mwezi wa tatu huu, kwa sababu kwake chini wanalala watu sita chumba kimoja kwa zamu, na wa zamu ya usiku wanataka usingizi wao mchana. Haki yao.

Nilikuwa jikoni. Nikamsikia, kama kawaida yake: "Hali?"

Nikaitika: "Njema, za kwako?"

Nasra anacheka mpaka anakohoa. Kila siku mzee anauliza hali, kila siku najibu, kila siku wanacheka. Adabu gani hiyo. Kuitikia salamu ni kichekesho?

Jumatatu, 12 Januari

Anaondoka.

Mwalimu kasema leo, viatu viko mkononi, mlangoni. Viza yake haiendelei, umri umepita, mwanawe kamkatia tiketi. Tarehe tano Februari. Miaka yote hii Dubai, halafu mtu anaambiwa haya, nenda.

Nasra kala vijiko viwili vya wali. Ana miaka kumi na nne, hajui bado kuficha uso.

Mzee wenzake wanamwita Guruji, yaani mwalimu. Mimi tangu siku ya kwanza namwita Sukari Guru. Na ajabu ya Mungu, mwenyewe ana sukari. Chai yangu anainywa bila sukari, anakunja uso kama kanywa mwarubaini. Nishamzoea. Sikutaka kumzoea.

Kasema na jingine. Anayo ngoma ndogo ya mkono wa kulia, ya baba yake. Wanawe hawapigi, mmoja anauza simu, mwingine sijui nini. Jumanne ya tarehe tatu, Nasra atakaa chini apige peke yake, mwanzo mpaka mwisho, mbele za watu. Akipiga bila kuanguka, ngoma inabaki kwake. Akianguka, anaondoka nayo.

Nikamwambia, mtoto mdogo huyo, mwachie tu. Akasema: "Ngoma ya baba haikai na anayejaribu, Bibi. Inakaa na anayepiga."

Nimekasirika. Kisha nimeosha vyombo, nikaona kasema kweli.

Alhamisi, 15 Januari

Nasra vidole vimevimba. Nimempaka mafuta ya karafuu. Karudi skuli, kalala kwenye kochi na sare yake, vidole vinapiga juu ya mto vyenyewe.

Mama yake yuko zamu hospitali. Nimemvua viatu mimi.

Jumapili, 18 Januari

Leo nimejua wanachocheka.

Nilitoka jikoni na mwiko. Nikasema leo sirudi mpaka niambiwe. Sukari Guru akanikalisha mkekani. Tunazungumza Kihindi changu cha sokoni na Kiarabu chake kibovu, tunafika.

Mzunguko una mapigo kumi na sita. Wanaosikiliza wanauhesabu kwa mkono. La kwanza unapiga kofi. La tano kofi. La kumi na tatu kofi. La tisa hupigi. Unageuza kiganja juu, unakionyesha kitupu. Na hapo mwalimu anatamka: khali. Maana yake mtupu. Kwa neno hilo hilo Waarabu wanaliita lile jangwa lao kubwa lisilo watu.

Kumbe mzee ananiambia mtupu, nami naitika njema, za kwako.

Nimecheka mwenyewe mpaka machozi. Nasra kaniangukia begani. "Bibi, siku moja umemjibu tunamshukuru Mungu!"

Nikamuuliza mzee, mnautilia nini utupu ndani ya muziki? Akasema ikifika khali ngoma kubwa ya kushoto inanyamaza, inabaki ndogo peke yake, tin tin ta. Aliyepotea akisikia kimya kile anajua yuko wapi. Makofi yanafanana. Utupu uko mmoja tu.

Akanieleza na kazi yake. Miaka arobaini kapiga nyuma ya waimbaji na wapiga sitari. Mwimbaji anakwenda atakako, anapanda, anashuka, anazurura. Mwenye tabla anashika njia. Halafu wote wakutane kwenye pigo la kwanza, pamoja, na hapo ndipo watu hutikisa vichwa.

Nikasema, hiyo si kazi ya ngoma, hiyo ni kazi ya mke.

Kacheka. Halafu kaacha kucheka. Mkewe kafa zamani.

Jambo moja limenikaa moyoni. Kasema tabla husomeshwa kwa mdomo kwanza. Kila pigo lina jina lake, unalitamka mpaka ulimi uzoee, ndipo mkono uguse ngozi. Kisichosemeka hakipigiki. Baba yake, na akimtaja baba yake hugusa ncha ya sikio kwa heshima, hakuwahi kuandika hata pigo moja.

Mimi sikwenda skuli. Herufi hizi kanifunza Nasra, kwenye meza hii, babu yake alipokufa, na daftari hili ni lake la hesabu lililobaki. Kurani chuoni nilisoma kwa mdomo, na utu uzima wangu wote nimeambiwa mdomo si elimu.

"Haya, sema wewe," akaniambia.

Nikasema zote kumi na sita. Dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Sikukosea hata moja. Mkono umekwenda wenyewe, na kwenye tisa nimeugeuza.

Nasra kaacha kucheka. Kanitazama kama mgeni kaingia.

Nimeunguza mchuzi. Sijali.

Ijumaa, 23 Januari

Ngoma ya baba imekuja. Imefungwa ndani ya shali, kama mtoto mchanga. Nasra aizoee kabla ya siku yenyewe.

Mti mweusi umeng'aa kwa mikono ya watu. Mishipi ya ngozi imezunguka pande zote, na vigogo vidogo vya mti vimebanwa chini ya mishipi, ukivigonga na nyundo sauti inapanda au inashuka. Juu katikati ina duara jeusi, kama mboni ya jicho. Inakutazama.

Nasra kaigusa kwa kidole kimoja. Si ngoma ile. Ni kengele.

Harith, mwanangu, baba yake Nasra, karudi kazini na mafuta ya gari mpaka viwikoni. Kasimama mlangoni kasikiliza hajavua viatu. Kwa Harith hiyo ni sifa kubwa.

Jumanne, 27 Januari

Mvua tangu alfajiri. Kuta zinatoa jasho. Nasra kagusa ngoma kabla ya skuli, ikalia puu. Kaigonga na nyundo, puu. Kaondoka analia.

Ngoma nazijua mimi. Nilipokuwa kigoli kazi yangu kwenye harusi za mtaani ilikuwa hiyo, kuzipasha moto. Msondo haupigwi baridi. Unauweka kando ya moto, unaugeuza, ngozi inakaza, unaita. Shangazi zangu walikuwa wakisema mkono wa huyu mtoto unajua moto.

Nikatia mkaa kwenye chetezo. Na udi kidogo, ngoma ya mtu wa heshima. Nikaiinamisha juu yake, nikaigeuza, nikaigeuza. Nikagusa. Inapanda! Nikafurahi. Nikasema akirudi atakuta nimemtengenezea.

Nikaiacha kidogo zaidi.

Paa.

Duara jeusi limepasuka kama tope la kisima kilichokauka. Kipande kimeruka. Ngozi imechanika mpaka ukingoni.

Nimekaa chini. Chetezo kimezimika chenyewe.

Jumatano, 28 Januari

Jana nimeifunika kwa shali. Nimemwambia Nasra mwalimu kasema ipumzike siku mbili. Mtoto huyu sijapata kumwambia uongo tangu azaliwe. Hata sindano nilimwambia inauma.

Leo kaifunua.

Nilikuwa nachagua mchele. Nilimsikia anavuta shali. Sikuinua kichwa. Kisha kainusa. Udi.

"Bibi. Hii si msondo."

Basi. Kaingia chumbani kafunga mlango, taratibu, hata hakuubamiza. Bora angebamiza.

Mchele nimeuchagua mara tatu.

Alhamisi, 29 Januari

Nimeshuka kwa Sukari Guru. Ngazi na goti hili, lifti imekufa. Nimemkataza Harith kuja nami. Kosa langu, miguu yangu.

Kanifungulia. Kwenye vitanda watu wamelala wamejifunika nyuso. Sanduku lake liko wazi sakafuni. Tukatoka ukumbini.

Nikamfunulia. Nikamwambia: mimi, si mtoto. Nilitia moto.

Nilidhani atanyamaza kama watu wa heshima wanavyonyamaza. Hakunyamaza. Kapaza sauti mpaka mlango wa jirani ukafunguka. Nani kakwambia? Nani kakuomba? Ngoma nilimpa yeye, wewe mkono wako ulifuata nini? Nimesimama nikayapokea yote. Yalikuwa yangu.

Alipochoka kaishika, kaitazama, kainusa.

"Udi?"

"Udi."

"Baba yangu hakupata kuifukiza udi," akasema. Midomo ikamcheza. Sikujua kama ni kilio au kicheko. Nadhani na yeye hakujua.

Kisha kanieleza. Ngozi hubadilishwa, ile ni ya juzi tu. Lile duara ni unga wa chuma na wanga, hupakwa tabaka juu ya tabaka, halitaki moto hata kidogo. Cha baba ni mti, na mti u mzima. Ngozi moja ya akiba anayo sandukuni. Lakini kuifunga ni kazi ya fundi, na vidole vyake sasa vinatetemeka. Kanionyesha. Vinatetemeka kweli. Sikuwa nimeona. Na fundi wa tabla Dubai hii hamjui, yake alikuwa akiipeleka kwao India.

Jumanne imebaki siku tano tu. Bila ngoma Nasra hapigi. Asipopiga, mti unaondoka.

Jioni nikamwambia Harith. Akasema, Mama, Ras Al Khor kazini kwetu yupo mtu. Anashona viti vya magari mlango wa tatu kutoka dukani kwetu. Mchana akila anagonga kopo la rangi kwa vidole, na halii kama kopo.

Jumamosi, 31 Januari

Anaitwa Shafiq. Mtu wa makamo, ndevu zina vumbi la sponji. Baba na babu yake kazi yao ilikuwa kufunga tabla. Yeye kaikimbia, haikuwa ikimlisha, kaja Dubai kushona viti. Miaka tisa hajagusa.

Nilipofunua shali kafuta mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kuishika.

Kakaa chini kati ya kiti cha lori na matairi. Kaubana mti kwa nyayo zake. Kaloweka mishipi kwenye ndoo. Halafu kaanza kuipitisha, juu, chini, juu, anavuta kwa koleo, mwili wote unarudi nyuma. Bwana wake akatokea: "Yalla, Shafiq, viti!"

"Dakika mbili, arbab, khalas, namaliza."

Hazikuwa mbili. Mshipi ulikuwa unamteleza kila akitaka kuukaza. Nikaketi mbele yake bila kuomba ruhusa, nikaushika mwisho wake. Mikeka nimesuka mimi tangu sina meno ya mbele. Kushika ukili usilegee najua. Yeye anavuta, mimi nashika. Yeye anavuta, mimi nashika. Harith kasimama na simu mkononi kasahau anampigia nani.

Arbab, yule bwana wake, naye kaishia kukaa juu ya tairi anatazama.

Ilipokwisha Shafiq kaigonga kwa kidole, kaisikiliza sikio limelala juu ya ngozi. Macho yakamjaa machozi. Kasema vumbi la sponji. Hakutaka kitu. Kataka aalikwe Jumanne tu.

Viganja vyangu vimechubuka. Nasra kaviona wakati wa kula. Bado hasemi nami, ila salamu. Lakini kaleta mafuta ya karafuu, kayaweka karibu na sahani yangu, kaondoka.

Jumanne, 3 Februari

Tumesogeza makochi. Tumetandika mikeka na lile zulia langu jema. Watu wamekaa mpaka ukumbini, hata wale wa zamu ya usiku wa chini, na Shafiq kaoga kavaa shati jeupe.

Sukari Guru kakaa na kinanda chake cha mkono, cha kuvuta upepo. Siku ya leo yeye ndiye anayeshika njia. Kasafu kamoja tu ka sauti, anakarudia, anakarudia, mzunguko ule ule wa kumi na sita, ili mwanafunzi azurure juu yake. Mtu kapiga miaka arobaini, leo kajifanya mtumishi wa mtoto. Nimemwangalia, nikasema huyu ndiye mtu.

Nasra kavaa gauni la buluu. Mikono baridi, nimeiona inavyong'ang'ania magoti. Ngozi mpya ni kaidi, inalia juu, kali, si ile kengele.

Kaanza polepole. Dha dhin dhin dha. Nami pembeni, kofi juu ya goti, kimya kimya, goti zima.

Akaongeza mwendo. Maradufu. Vidole sivioni tena. Mama yake kaziba mdomo kwa ushungi. Shafiq anatikisa kichwa.

Halafu akapotea.

Nililisikia kosa kabla hajalijua. Kidole kimoja kimeteleza juu ya ngozi ngeni, mapigo mawili yakaingia mahali pa moja. Kinanda kinakwenda, yeye yuko kwingine. Uso ukamwiva. Mkono wa kushoto ukasita hewani. Akainua macho. Hakumtazama mwalimu. Kanitazama mimi.

Sita. Saba. Nane. Nilikuwa nayo yote mdomoni.

Nikainua mkono, nikageuza kiganja juu. Kilichochubuka. Kitupu.

Khali.

Kauona. Kashusha pumzi, kaiacha ngoma kubwa inyamaze, tin tin ta, ta dhin dhin dha, na kwenye moja wakakutana, yeye na kinanda na kofi langu na kichwa cha Shafiq, pamoja, kama mlango unavyoingia kwenye fremu yake. Watu wakasema aah. Mimi sikusema. Nilikuwa nahesabu.

Kapiga mpaka mwisho.

Watu walipoondoka nikamwendea mzee. Mimi si mtu wa kuiba. Nikamwambia: ulisema bila kuanguka. Kaanguka.

Akawa anafunga kinanda. "Nani kaanguka? Mimi nilikuwa naangalia kinanda."

Akatoa ile nyundo ndogo mfukoni mwa koti, akamwekea Nasra mapajani. Mwenye nyundo ndiye mwenye ngoma.

Nasra akaja akalaza kichwa kwenye paja langu, na uzito wake wote, kama alipokuwa na miaka mitatu.

"Bibi."

"Naam."

"Mkono wako ulichelewa kidogo."

"Adabu zako."

Alhamisi, 5 Februari

Kaondoka na teksi ya saa nne. Nilimfungia bajia, sikutia sukari kwenye chochote.

Wali nimepika wa watu watano. Tuko wanne.

Jumatatu, 9 Februari

Saa kumi nimeacha mlango wazi. Nimesahau. Paka wa jirani kaingia.

Jumapili, 15 Februari

Jua zuri. Nguo zimekauka kabla ya adhuhuri. Shaabani inakwisha, nimeanza kuchagua mbaazi za Ramadhani.

Ngozi mpya imeanza kulainika. Nasra kaigonga na nyundo yake, gogo moja, la pili, kasikiliza. Kasema Guruji alimwambia itachukua miezi. Alipolitaja jina kagusa ncha ya sikio. Hajijui kama kafanya. Sikumwambia.

Alhamisi ndiyo siku ya Shafiq kuja, baada ya kazi, anaangalia mishipi. Anakula kwangu. Anakula vizuri, namsifu.

Leo simu ya Nasra imelia, ujumbe wa sauti. Kauweka mezani tuusikie sote. Nyuma kunapiga honi na kunguru. Halafu sauti ya Sukari Guru, karibu, kama yuko pale mkekani.

"Bibi. Hali?"

Hali ya Kiswahili hii, si khali ile yake. Kajifunza. Akangoja kidogo ndani ya ule ujumbe, kama ninaweza kujibu.

Nasra kanishikia simu mdomoni. "Sema, Bibi."

Nilitaka kusema njema. Hilo ndilo jibu, mtu hujibu hivyo hata akiwa na homa. Lakini sijamwambia mzee yule uongo, sianzi leo.

"Khali," nikasema.

Nasra kanitazama. Simu bado inasikiliza.

Nikaona atahuzunika, yuko mbali na sukari yake. Nikaongeza:

"Lakini ndilo pigo la tisa tu, Sukari Guru. Bado saba, tunafika kwenye moja."

Nasra kautuma. Akarudi kwenye mkeka, akakaza fundo la nywele, akaanza upya, polepole. Dha.

Nimekaa juu ya mbuzi. Nazi ni moja leo. Inatosha.